Msimu, Majira na Uzao: Istilahi za Mvua na Mavuno ya Kahawa ya Karatu

Hakuna neno linalompita mfasiri wa nyaraka za kilimo kwa urahisi kama neno msimu. Linajulikana na kila mtu, limo katika kila kamusi, na halimlazimishi mtu kusimama na kufikiri. Ndiyo maana linastahili kuchunguzwa. Tuitazame sentensi ifuatayo, ambayo mfano wake unaweza kupatikana katika taarifa nyingi za kilimo: "Msimu huu kahawa ya Karatu ni hafifu kwa sababu msimu ulichelewa, ila msimu ujao unatazamiwa kuwa mzuri." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo, msomaji makini atajiuliza: ni kitu gani kilichokuwa hafifu, ni kitu gani kilichochelewa, na ni kitu gani kinachotazamiwa? Neno ni moja, lakini vitu ni vitatu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali ya hewa ya kipindi cha kukua inavyoamua wingi na ubora wa kahawa katika Wilaya ya Karatu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kisha kupendekeza istilahi zitakazotenganisha dhana ambazo kwa sasa zimefungwa pamoja katika neno msimu. Tumeanza na kilimo chenyewe kwa makusudi. Istilahi isiyofuata mwenendo wa kitu inachokitaja huwa ni pambo tu, na haimsaidii mkulima wala mfasiri.

1. Maana tano za neno moja

Neno msimu lina asili ya Kiarabu. Kwa mabaharia wa mwambao lilitaja wakati maalumu wa safari, pepo za kaskazi au za kusi zinapokuwa zimetulia katika mwelekeo wake na vyombo vinapoweza kwenda au kurudi. Tangu hapo neno hili limebeba wazo la jambo linalorejea kwa wakati wake. Wazo hilo ni pana, na upana wake umeliwezesha kuingia katika kila shughuli ya mwaka.

Katika maandishi ya kilimo ya siku hizi msimu una maana zisizopungua tano. Kwanza, ni sehemu yoyote ya mwaka yenye hali yake ya hewa. Pili, katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ni jina mahususi la mvua za maeneo yanayopata mvua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Tatu, ni kipindi cha kuvuna. Nne, ni mwaka wa biashara ya kahawa, unaoanza Julai na kuishia Juni, na unaoandikwa kwa tarakimu mbili, mathalani msimu wa 2023/24. Tano, ni mavuno yenyewe pamoja na sifa zake, kama mtu anaposema kwamba "msimu ule ulikuwa na punje kubwa."

Maana ya pili ndiyo yenye hatari kubwa kwa mfasiri. Taarifa rasmi ya hali ya hewa inapozungumzia mvua za Msimu, inataja maeneo kama Dodoma na Singida, haiitaji Karatu. Karatu imo miongoni mwa maeneo yanayopata mvua mara mbili, nazo zina majina yake: Vuli, za Oktoba hadi Desemba, na Masika, za Machi hadi Mei. Kwa hiyo, mfasiri anayeandika "mvua za msimu" katika waraka wa Karatu, akikusudia tu mvua za kipindi hicho, amewaambia wasomaji wake habari za mkoa mwingine.

2. Mvua za Karatu na mpangilio wake

Karatu iko upande wa mashariki na kusini-mashariki wa nyanda za juu za Ngorongoro. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mashamba ya kahawa, hasa upande wa Oldeani na kandokando ya msitu, yamo juu zaidi. Juu yao kuna msitu, na juu ya msitu kuna ukingo wa kreta ya Ngorongoro, wenye kimo cha zaidi ya meta 2,200. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinapoupanda mwinuko huo hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Zikishavuka ng'ambo, zikielekea Olduvai na Serengeti, huwa zimekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo maana upande wa magharibi ni mkavu ilhali upande wa Karatu una kijani. Msitu huo ndio pia unaohifadhi maji ya chemchemi na vijito vinavyoteremka kwenda mashambani.

Kilimo cha kahawa katika eneo hili kilipanuliwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, waliofungua mashamba huko Oldeani mnamo miaka ya 1920. Leo kahawa inalimwa katika mashamba makubwa na pia katika mashamba ya wakulima wadogo. Inayolimwa ni kahawa ya arabika, ambayo hupenda nyanda za juu na usiku wenye baridi.

Mwaka wa Karatu, kwa macho ya mkulima wa kahawa, una vipindi vinne: vuli, ukavu mfupi wa Januari na Februari, wenye jua kali, masika, na ukavu mrefu unaoanza Juni, ambao miezi yake ya mwanzo ni ya baridi. Hapa tunakutana na mtego wa pili wa istilahi, nao ni neno kiangazi. Kwa watu wa mwambao, kiangazi ni wakati wa joto kali kabla ya masika. Kwa watu wengi wa bara, kiangazi ni wakati wote usio na mvua, ukiwamo ule wa Julai, watu wanapovaa makoti. Zaidi ya hayo, watafsiri wamezoea kulitumia neno hilo kwa majira ya joto ya Ulaya. Neno moja hivyo limekuwa na kalenda tatu.

Kosa hili si la kinadharia tu. Chukua agizo fupi: "Mwagilia kahawa wakati wa kiangazi." Likieleweka kuwa ni Januari na Februari, ni agizo jema, kwa kuwa wakati huo tunda changa linatanuka na linahitaji maji. Likieleweka kuwa ni Agosti, mambo hubadilika, kwa kuwa wakati huo tumba la ua linahitaji kipindi cha ukavu ili liweze kuchanua kwa pamoja na mengine. Maji yanayotolewa ovyo katika kipindi hicho huweza kuyatawanya maua katika nyakati mbalimbali, na maua yaliyotawanyika huleta matunda yanayoiva kwa nyakati mbalimbali. Mkulima aliyelitii agizo hilo neno kwa neno atakuwa amepata hasara kwa sababu ya tafsiri.

3. Kutoka tumba hadi gunia

Ili tuzipate dhana zinazohitaji majina, yafaa tuifuate kahawa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kulala kwa tumba. Matumba ya maua hujitokeza katika vifundo vya matawi, hukua hadi kimo fulani, kisha husimama. Hayajafa wala hayajanyauka, yamelala. Ukavu wa miezi ya katikati ya mwaka huyaandaa. Hatua ya pili ni kuamka na kuchanua. Mvua ya kwanza ya kutosha, ambayo si lazima iwe kubwa, huyaamsha matumba, na baada ya siku nane hadi kumi na mbili hivi shamba zima huwa jeupe kwa maua. Maua hayo hudumu kwa siku chache tu. Kwa kuwa arabika kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, siku hizo chache hutosha, mradi mvua ya nguvu au jua la kuchoma lisiyaharibu.

Huko Karatu mvua hiyo ya kuamsha ni ya vuli. Vuli ikija mara moja na kwa nguvu ya kutosha, maua mengi huchanua katika mkupuo mmoja. Ikija kwa manyunyu, ikakatika, kisha ikarudi, maua huchanua kwa mikupuo mingi midogo. Mikupuo mingine hufuata hadi Februari au Machi, masika yanapokaribia. Kwa hiyo, katika tawi moja mtu anaweza kuona ua, tunda bichi na tunda linalokaribia kuiva. Tunda la arabika huchukua miezi saba hadi tisa kutoka ua hadi kuiva, na katika mashamba ya juu yenye baridi huweza kuchelewa zaidi. Ndiyo maana mavuno huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi karibu na mwisho wake.

Hatua ya tatu ni kutanuka kwa tunda. Kwa majuma kadhaa baada ya ua kuanguka, kitunda hubaki kidogo mithili ya kichwa cha pini. Kisha, kuanzia juma la sita hadi la kumi na sita hivi, hutanuka kwa kasi. Wakati huo ndipo nafasi ya punje inapojengwa ndani ya tunda. Maji yakipungua, nafasi huwa ndogo, na hakuna mbolea wala uangalizi wa baadaye utakaoipanua. Hesabu ya miezi ni ya kuangaliwa: maua yaliyochanua katikati ya Novemba huingia katika hatua hii mwishoni mwa Desemba na kutoka mwanzoni mwa Machi, yaani katika ukavu mfupi. Ukubwa wa punje za Karatu kwa hiyo hutegemea sana maji yaliyowekwa ardhini na vuli, na namna mkulima alivyoyahifadhi kwa matandazo na kivuli.

Hatua ya nne ni kujaa kwa punje. Nafasi iliyojengwa sasa hujazwa, na kazi hii hufanywa hasa wakati wa masika. Mkahawa wenye majani mengi na yenye afya hujaza punje zake. Uliobeba matunda kupita uwezo wake, au uliopoteza majani kwa ugonjwa, hutoa punje nyepesi zinazoelea katika maji ya kuoshea. Masika yanayozidi kiasi, yenye mawingu na baridi ya siku nyingi, huleta adui mwingine, yaani chulebuni, ugonjwa unaoyashambulia matunda mabichi. Kutu ya majani nayo huyaangusha majani ambayo punje ziliyategemea. Basi, masika si jambo jema tu wala baya tu: hujaza punje, na papo hapo hulea magonjwa.

Hatua ya tano ni kuiva. Baridi ya Juni, Julai na Agosti hulichelewesha tunda, na ucheleweshaji huo ni wa faida, kwa kuwa punje hupata muda wa kukusanya yale yanayoipa ladha. Usiku wenye baridi ni mali ya nyanda za juu. Utafiti kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kila nyuzi moja ya selsiasi inayoongezeka katika joto la chini kabisa la usiku hupunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Hapa ndipo tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi inapoonekana: hali ya hewa ni usiku wa leo na mvua ya mwaka huu, tabianchi ni mwenendo wa usiku mwingi kwa miaka mingi. Mavuno ya mwaka mmoja yaelezwe kwa hali ya hewa. Mwelekeo wa miongo uelezwe kwa tabianchi.

Hatua ya sita ni kuchuma na kukausha. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono, humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha kahawa ya maganda huanikwa juani juu ya vichanja hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 10 hadi 12. Mvua ikiikuta kahawa kichanjani, huweza kuivundisha na kuitia ukungu, na kazi ya miezi tisa ikapotea kwa juma moja. Baada ya hapo ndipo kahawa inakobolewa, inachambuliwa kwa madaraja na kuonjwa. Daraja la AA ni la punje kubwa. Daraja la PB ni la punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. Ukubwa hupimwa kwa chekeche, lakini uzito wa punje na ladha yake zina historia tofauti. Ukubwa ulianza kuamuliwa Januari, uzito Aprili, ladha Julai, na usafi siku ya kuanika.

4. Mvua moja, uzao wa aina mbili za bahati

Maelezo haya yanatufikisha kwenye kiini cha tatizo. Mvua za vuli zinaponyesha, huyakuta mavuno ya mwisho yakiwa bado vichanjani, na wakati huo huo huyaamsha matumba ya mavuno yatakayofuata. Mvua ile ile ni baraka kwa moja na balaa kwa jingine.

Tuchukue miaka ya karibuni. Vuli ya mwaka 2022 ilikuwa hafifu katika sehemu kubwa ya kaskazini ya nchi. Vuli ya mwaka 2023, iliyokuwa vuli ya El Niño, ilikuwa kubwa kupita kawaida; tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliukumba mji wa Katesh, wilayani Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara. Sasa, kahawa iliyouzwa katika mwaka wa biashara wa 2023/24 ilitoka katika maua gani? Ilitoka katika maua ya vuli hafifu ya 2022 na yale yaliyofuata mwanzoni mwa 2023. Na vuli kubwa ya 2023 iliigusa vipi? Iliigusa mwishoni tu, ikiwa bado haijachumwa yote au ikiwa juani. Athari yake kwa maua ilikuwa ni ya kahawa ya mwaka wa biashara wa 2024/25.

Afisa anayeandika kwamba "msimu wa 2023/24 ulikuwa na mvua nyingi" amesema kweli kuhusu kalenda, lakini amempotosha msomaji kuhusu kahawa. Kahawa iliyobeba jina hilo ilizaliwa katika ukavu. Takwimu za mvua za mwaka mmoja zikiwekwa kando ya takwimu za mavuno ya mwaka huo huo, bila kurudi nyuma kwenye maua, jedwali litaonyesha uhusiano usiokuwapo na kuficha uliopo.

5. Funzo kutoka kwa zabibu

Lugha za Ulaya zenye mila ndefu ya kilimo cha zabibu zina neno moja linalokusanya mambo matatu: mwaka, mavuno ya zabibu ya mwaka huo, na divai iliyotokana nayo. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa humwambia mnunuzi kama masika ya kwao yalikuwa na jalidi, kama wakati wa maua ulikuwa mkavu, na kama mvua zilizikuta zabibu zikiiva. Neno hilo linawafaa kwa sababu mzabibu wa huko hulala wakati wa baridi kali, huchipua mara moja, na huvunwa mara moja. Mwaka mmoja, mavuno mamoja.

Wafasiri wengi hulitafsiri neno hilo kwa kusema "mwaka wa mavuno". Kwa divai ya Ufaransa tafsiri hiyo inatosha. Lakini tuipeleke Dodoma, kwenye zabibu zetu wenyewe. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeuanzishia mzunguko wake kwa kuupogoa. Kwa hiyo, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: kunako Februari na Machi, mvua za Msimu zikiwa bado zinanyesha, na tena kuanzia Julai au Agosti hadi Septemba, wakati wa ukavu. Zabibu za wakati wa mvua husumbuliwa zaidi na magonjwa ya ukungu kama ubwiri, na sukari yake huelekea kuwa ndogo. Zile za wakati wa ukavu hupata jua na kukusanya sukari zaidi. Mavuno yote mawili ni ya mwaka mmoja, lakini hayana sifa moja. Mwaka peke yake haumwambii mnunuzi lolote.

Karatu nayo ina kasoro iliyo kinyume: huko mavuno ni mamoja, lakini yanakaa katika miaka miwili ya kalenda. Dodoma mwaka mmoja una mavuno mawili. Karatu mavuno mamoja yana miaka miwili. Katika sehemu zote mbili neno mwaka limeshindwa, na halikushindwa kwa sababu ya umaskini wa Kiswahili, bali kwa sababu dhana yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye majira mengine.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Maneno yanayoweza kugombea nafasi hii ni manne. Msimu limekwisha elemewa na maana nyingi. Mwaka limeonyeshwa kuwa halitoshi. Mavuno ni neno zuri, lakini linataja kile kilichochumwa; haliwezi kuitaja kahawa ya Februari iliyo bado mtini, ambayo tayari ina historia na inahitaji kuzungumziwa. Neno la nne ni uzao. Katika matumizi ya kawaida uzao ni jumla ya waliozaliwa kwa wakati mmoja au katika tumbo moja. Kwa mmea, lingeweza kutaja matunda yote yaliyotokana na maua ya kipindi kimoja, tangu ua linapochanua hadi punje inapouzwa. Pingamizi laweza kuwa kwamba linafanana mno na zao. Kufanana kupo, na chanzo chao ni kitenzi kimoja. Lakini zao hutaja aina ya mmea, kama tunaposema zao la kahawa au zao la pamba, na muktadha utayatenganisha.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Majira: sehemu ya mwaka yenye hali yake ya hewa. Litumike badala ya msimu katika maana hiyo ya jumla.

(b) Vuli, Masika na Msimu: majina ya mvua, yatumike kama yanavyotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila moja kwa eneo lake.

(c) Kiangazi: lisitumike katika maagizo ya kilimo bila kutaja miezi. Kwa Karatu pasemwe ukavu mfupi, yaani Januari na Februari, na ukavu mrefu, kuanzia Juni hadi vuli. Kipupwe laweza kutumika kwa sehemu ya baridi ya ukavu mrefu.

(d) Mkupuo wa maua: kuchanua kwa pamoja kunakofuata mvua moja.

(e) Uzao: matunda yote yaliyotokana na mikupuo ya kipindi kimoja. Uzao uitwe kwa jina la mvua iliyoufungua: uzao wa vuli ya 2022. Kwa zabibu za Dodoma, ambako kupogoa ndiko kunakofungua mzunguko, uitwe kwa majira ya kuvunwa kwake: uzao wa mvua au uzao wa ukavu, pamoja na mwaka.

(f) Mwaka wa biashara: kipindi cha Julai hadi Juni, kiandikwe kwa tarakimu mbili. Pale ambapo mazoea yanalazimisha msimu, paandikwe msimu wa biashara, kamwe si msimu peke yake.

(g) Kutanuka kwa tunda na kujaa kwa punje: hatua mbili zisichanganywe katika neno moja la kukua, kwa kuwa ya kwanza huamua ukubwa na ya pili huamua uzito.

Sentensi tuliyoanza nayo sasa yaweza kuandikwa hivi: "Kahawa ya Karatu ya mwaka huu wa biashara ni hafifu kwa sababu vuli iliyoufungua uzao wake ilichelewa, ila uzao unaofuata unatazamiwa kuwa mzuri." Ni ndefu kidogo, lakini kila kitu kimekaa mahali pake.

7. Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda mtu akasema kwamba mkulima anaijua kahawa yake na hahitaji istilahi. Ni kweli anaijua, na huenda anaijua kwa Kiiraqw kuliko kwa Kiswahili. Lakini mkulima huyo haishi na mkahawa peke yake. Anasomewa utabiri, anatia sahihi mikataba, na analipwa kwa daraja. Mkataba wa bima ya mazao unaoahidi fidia iwapo "mvua za msimu" zitakuwa chini ya wastani humwacha bila ulinzi ikiwa haukusema ni mvua zipi na ni za uzao upi. Mvua za masika zikiwa za wastani, mwenye bima atasema mvua zilikuwapo. Mkulima atasema punje zilikuwa ndogo tangu Februari. Na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Vivyo hivyo kwa ubora. Kahawa inapokuja na punje ndogo, ni rahisi kumwambia mkulima kwamba hakutunza shamba. Pengine hakulitunza. Lakini pengine vuli ilikatika mapema, na yeye alilitunza kwa kadiri ya maji yaliyokuwapo. Istilahi zinazotenganisha kutanuka na kujaa, na uzao na mwaka wa biashara, humwezesha bwana shamba kuuliza swali la haki kabla ya kutoa lawama. Aidha, humwezesha mwalimu kuwafundisha wanafunzi kwamba mavuno yana chanzo kabla ya siku ya kuchuma.

Istilahi hizi ni mapendekezo, na mahakama yake ni matumizi. Wafasiri wazijaribu katika nyaraka, walimu wazijaribu madarasani, na mabwana shamba wazijaribu mbele ya wakulima wa Oldeani, Rhotia na Mbulumbulu. Iwapo wakulima wana neno lililo bora kuliko uzao, basi na lichukuliwe hilo. Lisilofaa kuendelea ni kuliachia neno moja libebe mvua, mavuno na biashara kwa pamoja, kisha tukashangaa kwamba wanaolisoma hawaelewani.